Baada ya Bomba

Mdogo wangu kitinda mimba,

Mimi mzima, feni ya ofisini imetengenezwa hatimaye, na watafiti bado wananipangia foleni kuuliza watumie kipimo gani cha takwimu.

Jana alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, macho mekundu. Aliwapima wagonjwa ishirini na wanne mwendo wao kabla ya mazoezi na baada yake, kisha akatumia kipimo cha kulinganisha makundi mawili ya watu tofauti. Jibu likawa hakuna mabadiliko.

"Dada, miaka miwili imekwenda na maji," akaniambia.

"Mama wewe, si ni watu walewale? Kila mmoja mlinganishe na yeye mwenyewe. Ukimchanganya aliyeanza akitembea na aliyeanza akijikokota, utaona nini?"

Tukabadilisha kipimo, na nafuu yao ikaonekana waziwazi. Alicheka mpaka akamwaga chai yangu.

Sasa mama ananiambia umeacha mazoezi ya mguu kwa sababu jirani, mliyeumia naye siku moja, ameshaanza kukimbia. Nimekasirika, sikufichi. Mwezi uliopita ulikuwa unaishia mlangoni. Juzi ulifika bombani na fimbo yako. Huyo jirani anaingiaje hapo?

Nilikuwepo ulipojifunza kutembea mara ya kwanza. Watoto wote wa rika lako walikutangulia. Nitajie leo hata mmoja anayekumbuka hilo.

Niandikie umefika wapi baada ya bomba.

Dada yako mkali