Kitovu Kilichogoma

Misigiri, Jumanne

Na mimi nilifurahi vidonda vya mwanangu Neema havitoi usaha. Mjinga mimi.

Leo daktari amenieleza. Chembe nyeupe za damu zikipata taarifa ya vijidudu, huamuru mikono yake inate kwenye ukuta wa mshipa. Mikono ikinata, nayo huziambia zitoke zikapigane. Za mwanangu hazinati. Zimejaa kwenye damu, kidondani hazifiki, na usaha hutokana nazo. Ndiyo maana hata kitovu kilichelewa kudondoka. Kama atapona, daktari hakusema.

Mwezi mzima mama mkwe aliwaambia majirani kitovu kimegoma kwa sababu nilitoka nje ya ndoa.

Jioni nimemweleza yote, taratibu, nikimwita mama. Aliendelea kuchambua mlenda.

"Kumbe," akasema.

Kwa majirani leo hakwenda.