Ulimi wa Mama na Zile Video Zako

S.L.P. 418,
Njombe.
18 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Elieza,

Kamwene. Huko Toronto mmeamkaje, wewe, Jenifa na watoto? Sisi tunapumua. Baridi imeunguza viazi, nami nimechoka kiasi kwamba tangu Pasaka sijaandika barua ya kumshambulia mtu gazetini.

Mama anakula vizuri, na mguu umeanza kukanyaga. Uliobaki nyuma ni ulimi. Juzi nilimpeleka tena Makambako kwa mtaalamu wa mazoezi ya kuongea.

Sasa zile video za mazoezi ya kutamka ulizomtumia. Yule mwanamke wa Kiingereza akitamka “ai”, ulimi wake unaanzia chini na kuteleza hadi juu bila kusimama. Sisi hatutelezi. Kwenye “chai” ulimi unatua kwenye a, unainuka, unatua tena kwenye i. Nani aliamua kwamba Mbena aliyepigwa na kiharusi afundishwe kuteleza? Jirani yetu Zipora alipotazama alisema, “Wifi, huyu anamfundisha bibi kulia kama paka!” Mama akacheka mpaka akapaliwa. Nimezifuta.

Miruko mikubwa anaiweza. “Ua” inatoka safi, ulimi unaporomoka kutoka juu hadi chini. Hatua ndogo ndizo zinazomshinda. Kutoka i kwenda e ulimi unashuka kidogo tu, na hapo anakwama, anautafuta, kisha anaendelea. Anafika, Elieza. Anachelewa tu.

Jumapili ulisema, “Dada, mtandao mbovu, simsikii,” ukakata. Mtandao ulikuwa mzima. Mama alikuwa amesema “Eli”, anautafuta ulimi. Alipomaliza, jina lako nililisikia mimi.

Umelelewa hapa. Mkubwa akikusalimia, unasubiri amalize, hata akikohoa katikati. Huko nani amekuondolea adabu hiyo?

Tangu siku hiyo simu ikilia anageukia ukutani, na mazoezi hataki. Mtaalamu ameniambia wazi kwamba akiendelea kunyamaza, hata hicho kidogo kitapotea. Mimi nimebishana na watu maisha yangu yote, lakini kwa hili sina hoja itakayomgeuza. Anakutaka wewe.

Piga Jumapili baada ya ibada. Sema kamwene, kisha nyamaza. Usianze halo, halo. Ukisikia kimya, ujue mama yako yuko njiani anakuja.

Nisalimie Jenifa na watoto, hasa Lulu wangu. Zipora anawasalimu. Mungu awakinge na joto la huko.

Dada yako akupendaye, hata akifoka,
Dorosela