Nani Alifyeka Kinamasi cha Vulamba

Butembo, Vulamba, Jumanne tarehe 14 Oktoba

Kwa Yaya wangu Éliakim, kaka mkubwa, Beni,

"Kinamasi ni udongo unaolala bure, na watu wanaochunga vyura ni watu waliokosa kazi." Hayo ni maneno yako, Yaya, uliyoniambia kwenye simu Jumapili kabla ya kunikatia. Umekata simu, basi pokea karatasi, tuone utaikataje. Lakini kwanza nikusalimie, maana Mama alitufundisha kwamba hata mtu unayekwenda kugombana naye unamuuliza kama aliamka vizuri. Umeamka? Mulamu wangu Débora, mke wako, mguu wake umepona? Watoto wanakwenda masomo? Na shamba la Mbau, mmeweza kulifikia tena, ama kakao inaiva bila mtu wa kuivuna? Sisi hapa tuko wazima. Kikohozi changu kimeisha, hasira bado ninayo, na inanipa afya.

Sasa nikujibu. Unasema udongo ule unalala. Katika mtaa wetu mzima ni udongo huo tu usiolala! Mwezi wa saba, chemchemi za juu zinapokauka, wamama wote wa Vulamba wanashuka na bidoni zao kuteka maji kwenye ile iliyo ukingoni mwa kinamasi cha Baba. Mvua kubwa inaposhuka kutoka vilimani, inaingia katika mafunjo na kutulia kama mgeni aliyepewa kiti. Ng'ambo ya barabara, ambako watu wenye akili kama zako walikausha na kugawa parsele za kujenga, mwaka huu maji yalipanda hadi vitandani. Nimesoma vitabu vitatu juu ya jambo hili, lakini wewe hukuhitaji kitabu. Ungemuuliza tu mtu aliyeanika godoro lake juani wiki nzima.

Na hao waliokosa kazi, nikuambie ni nani. Tangu mwezi wa pili, kila Jumamosi baada ya salongo ya kusafisha mtaa, watu wanakuja kinamasini kwa hiari yao. Mwalimu Ananie analeta wanafunzi wa shule ya Wakatoliki. Tamar, yule anayeongoza kwaya ya kanisa letu, analeta waimbaji wake. Tunang'oa mikaratusi michanga inayokunywa maji yetu, tunafukua mfereji wa chemchemi, tunaonyesha watoto majina ya majani, na tunahesabu ndege. Jumamosi iliyopita tulikuwa watu sitini na wanne, Yaya! Sitini na wanne, bila mtu kupewa hata chumvi.

Ungecheka siku ya kuhesabu. Kila kanisa linakaa upande wake. Waprotestanti tulipata ndege thelathini na mmoja, Wakatoliki arobaini kasoro mmoja. Tamar akasema kwa sauti ya kusikika Lubero nzima kwamba "Bakatolike banahesabu hata kivuli." Ananie, ambaye ni mpole hadi anachosha, akajibu: "Mais ninyi munafungaka macho mu maombi, ndege zinapita!" Tulicheka hadi korongo wakaruka. Ndiyo, korongo wenye taji la dhahabu kichwani, wale tuliowaona tukiwa watoto na ambao Baba alisema hawatarudi. Wamerudi. Na Jumamosi, kati ya mafunjo, niliona kwa macho yangu vifaranga viwili vya rangi ya maziwa ya chai, miguu mirefu kuliko akili. Nimefikisha miaka arobaini na tisa, nimebishana na mapasta, madaktari na mabwana wa komini, na siku hiyo nilikaa chini matopeni kama mtoto. Ananie ni shahidi, alidhani naumwa.

Ndiyo sababu nilikupigia. Jumamosi tarehe 25 mkuu wa mtaa atakuja na hati. Warithi wa Baba, yaani wewe na mimi, tukitia sahihi, sehemu yetu itabaki hifadhi ya mtaa, hakuna atakayejenga wala kukausha. Bila sahihi yako, wale wanaotaka parsele wataanza kupima mwezi ujao. Jambo lenyewe ndilo hilo. Ila wewe, badala ya kunijibu juu ya hati, uliniuliza kwa nini ninachafua jina la Papa Mathe wa matofali, na mimi nikapiga kelele. Niliona aibu kukujibu. Nakujibu sasa.

Unakumbuka mwezi wa tano. Korongo walikuwa wamejenga kiota cha kwanza. Mkuu wa mtaa alikuwa aje Jumamosi kutazama kazi yetu. Asubuhi hiyo tulikuta upande mzima wa mafunjo umefyekwa, upana wa nyumba mbili, na kiota kimekatwa pamoja na majani. Mayai mawili yalikuwa matopeni, yamepasuka. Tamar alilia. Watu wakaulizana nani, na mmoja akataja watu wa matofali wanaochimba udongo kule chini, yaani Papa Mathe na vijana wake. Jumatatu, katika kipindi changu cha redio, nilisema kwamba tunawajua wanaouza nyumba ya ndege ili wachome matofali. Sikutaja jina. Butembo yote ililitaja kwa niaba yangu. Kanisani walimwachia benchi nzima akae peke yake. Bibi yake, Mama Virginie, sokoni walimwita muke wa muuaji wa ndege. Rafiki wa Baba, Yaya, mtu aliyelibeba jeneza lake.

Na unajua alifanya nini? Jumamosi iliyofuata alikuja na vijana wake wanne, wamevaa nguo za kazi. Watu wakampisha. Yeye akasema tu: "Mimi naijuaka matope kuliko ninyi bote. Munionyeshe fasi ya kupanda." Wakaingia hadi kiunoni. Walileta mashina ya mafunjo kutoka shimo lao wenyewe, wakayapanda moja moja, Jumamosi saba. Mafunjo vinamojificha vifaranga leo ni yake. Mimi nilisimama ukingoni nikitoa maagizo.

Yaya, aliyefyeka ni mimi.

Ijumaa ile baada ya mvua, watu wote wakiwa nyumbani, nilishuka na panga la Baba. Nilitazama mafunjo yamelala ovyo, majani makavu, utando juu ya maji, nikaona haya. Mgeni mkubwa anakuja kesho, nikasema, atakuta uwanja wetu mchafu hivi? Wewe unajua tulivyolelewa: mgeni hapokelewi penye majani, na siku ya salongo majani kimo cha kidole mlangoni kwako yanakupeleka kulipa amande, faini ya komini. Mimi, mwenye vitabu vitatu, nilifyeka kinamasi kama mtu anayefyeka mbele ya choo. Nilifyeka nikiimba. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua kumi nikakisifu: kinang'aa. Kiota sikukiona. Nilikijua Jumamosi, mbele ya wote, na mdomo wangu ambao haujawahi kuogopa mtu uliogopa. Nilipofika redioni ulipata nguvu zake tena, ukamrukia asiye na redio.

Watu wa parsele wakisikia hili watacheka hadi Kipese. Watasema: mlinzi wa ndege ndiye aliyeua. Na wewe, ukitaka kukataa sahihi, nimekupa sababu nzuri kuliko vyura. Najua. Hata hivyo tarehe 25, kabla ya hati kusomwa, nitasimama mbele ya Wakatoliki na Waprotestanti, nimtaje Papa Mathe kwa jina lake na kosa langu kwa jina lake. Jumatatu nitarudia redioni. Mkuu wa mtaa akiamua kuondoka na karatasi zake, aondoke.

Unisalimie Débora, nimemtumia maharage ya Kipese kwa mkono wa dereva anayekuletea barua hii. Uwasalimie watoto, hasa Hadassa, na umwambie kwamba vifaranga vinamngoja awape majina. Wazee wa kanisa la huko nao wapate salamu zangu, hata yule anayeniita mwanamke wa makelele.

Na wewe, Éliakim, mwana wa kwanza wa Baba, sikuombi, nakudai: panda gari Ijumaa, uje. Hati utaisoma mwenyewe, utaitia sahihi au utaikataa. Lakini nitakaposema nilichofanya, Papa Mathe asisimame peke yake. Kaa karibu naye.

Mudogo wako,
Kavuo Jokébed