Sungura wa Idi Pili

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini wewe ndiye uliyetuzoesha kwamba mtu haelezi shida yake kabla hajaamkia, kwa hiyo nimeanza na hilo.

Nakuandikia nikiwa Ruangwa, kwenye kibanda changu cha kushonea, sare za shule zimerundikana mezani na cherehani nimeifunika kabla ya wakati. Nimechoka, Mjomba. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Tangu tulipokuzika pale Nandagala kila jambo la ukoo linapitia kwangu. Huyu anataka kuoa, yule amesogeza mpaka wa mikorosho ya mwenzake, na dada yako, mama yangu, miguu imemvimba na hataki kusikia habari za hospitali. Wakija wanasema, "Wewe ndiye mjomba alikuwa anakusikiliza." Sijui nani kawadanganya. Wewe hukuwa unamsikiliza mtu.

Leo asubuhi Zuhura, yule mwanangu mdogo uliyekuwa ukimwita bibi harusi, kaniuliza kama sungura wa Nachingwea bado yupo. Nikajifanya natafuta mkasi. Alipotoka kwenda kucheza nikaona afadhali nikuandikie, maana hili jambo hatukuwahi kuliongea mimi na wewe, na nimelibeba mpaka mabega yanauma.

Tulijua, Mjomba. Tulijua tangu siku ile.

Unakumbuka ulivyotuaga? Mgongo ulikuwa umeshakataa kazi ya kupulizia dawa mikorosho, ukawaachia vijana shamba, ukaja kwetu na shati lililonyooshwa vizuri ukatutangazia kwamba umepata kazi Nachingwea, kwenye hoteli mpya ya watu kujipakulia. Msimamizi wa ukumbi, ulisema. Kazi ya kukaa na kuangalia watu wakila. Mama alifurahi akawaambia majirani wote, na wasiouliza aliwaambia pia. Kila mara tulipotaka kuja kukutembelea ulikuwa na sababu. Mara barabara mbaya, mara ukumbi umekodiwa, mara chakula cha hotelini hakina chumvi. Hiyo ya chumvi ilitufanya tukuonee huruma, tukaamua kuja bila kukuambia.

Ilikuwa Idi Pili. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kwenye hoteli yenu watoto watakula pamoja na wanyama, na Zuhura na dada yake Rehema hawakunipa nafasi ya kupumua. Nikawashonea magauni ya kitambaa kimoja. Mama alikukaangia korosho, akazifunga kwenye kitambaa cheupe, akazipakata njia nzima kutoka Ruangwa kana kwamba zingeruka dirishani. Mlangoni tulipokelewa na mtu mwenye masikio ya tembo. Mama akamwuliza kwa heshima zote, yuko wapi msimamizi wa ukumbi. Yule tembo akasema msimamizi ni mama mmoja wa Masasi, na leo hayupo, kaenda kula Idi kwao.

Mama alirekebisha ushungi wake, akaingia.

Ndani kulikuwa kumepambwa kweli. Twiga wamechorwa ukutani mpaka shingo zimepinda kwenye dari, vijana wanaozungusha juisi wamevaa mikia. Meza ya chakula ilikuwa ndefu kuliko jamvi letu la msibani. Pilau, wali wa nazi, mbaazi, kuku, matembele, na ugali umekatwa vipande kama keki. Mama alikaa kwenye kiti akangoja kupakuliwa. Nikamweleza kwamba hapa kila mtu anachukua mwenyewe. Akawatazama watu waliojipanga foleni na sahani zao, watu wazima na vitambi, kila mmoja anajipakulia nyama kabla hajamtazama mwenzake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama hawa hawakuwa na mama. Mwisho nilikwenda mimi, nikajaza sahani moja kubwa, tukaiweka katikati tukala sote kwa mkono. Mtu wa meza ya jirani alitutazama. Mama alimtazama pia, na yeye ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

Ndipo muziki ukafunguliwa na sungura akaingia.

Mrefu, manyoya ya kijivu, kichwa kikubwa cha kucheka, glavu nyeupe. Watoto wakapiga kelele. Sungura akapunga mikono, akapeana mikono na watoto, akajikuna tumbo, vichekesho vya kawaida tu. Nilikuwa nacheka mimi. Kisha akaanza kucheza. Bega la kushoto likatangulia, la kulia likajibu, kisigino kikagonga chini halafu kikagonga tena, na kichwa chote kile cha manyoya kikatulia kabisa, hakitikisiki, kama kimebebeshwa mtungi. Nikaacha kucheka. Sikuhitaji kumwangalia mama, lakini nilimwangalia. Tonge lilikuwa mkononi mwake na halikwenda popote.

Mjomba, mchezo huo tunaujua. Tulikua nao. Nilipokuwa mdogo kama Zuhura, msimu wa jando, ulikuwa ukitoka porini na kinyago usoni na matambara mwili mzima, na sisi wanawake na watoto tunarudi nyuma, kila mtu kijijini anajua ni wewe na hakuna anayesema. Siku moja nilisema. Niliita kwa furaha, "Mjomba!" mbele ya uwanja mzima. Jioni hukunichapa. Uliniweka mbele yako ukaniambia, "Aliye ndani ya kinyago hana jina. Ukimwita kwa jina umemvua nguo mbele za watu." Sijawahi kusahau. Na ukatufundisha lile la maji. Mchezaji akichoka, wanawake wanampelekea maji kwenye kibuyu, wanaweka chini, wanamgeuzia mgongo wote, naye anafunua uso anakunywa. Akimaliza anagonga kibuyu chini. Mpaka kigongwe, hakuna anayegeuka, hata nyuki akimuuma.

Basi nilikaa pale hotelini na adabu yako yote kooni. Nilitaka kusimama, nikushike mkono, nikutoe mle ndani nikupeleke nyumbani. Ulikuwa mtu mzima, Mjomba. Mzee mwenye mvi, mwenye wapwa na wajukuu, mtu ambaye bila yeye posa haipokelewi na maiti haizikwi, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti alikuwa anakuamuru uruke. Na wewe uliruka. Niliona uchungu na nikaona hasira, na hasira nyingine ilikuwa juu yako, kwa ile habari ya chumvi.

Zuhura ndiye aliyekuwa karibu kutuaibisha. Ulipofika kwenye meza yetu ulisita. Ni kidogo sana, mwingine asingeona. Ulitaka kupita, lakini mwenye kipaza sauti akasema sungura awasalimie wale warembo wenye magauni yanayofanana, ikabidi uje. Zuhura akashika sikio la manyoya kwa mikono miwili, akavuta, huku anasema kuna mtu ndani, anataka kumwona. Kichwa kikainuka kidogo. Mama alimdaka mikono yule mtoto kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Aliye ndani hana jina," alimwambia. "Mwache."

Hapo ndipo ulipoyumba. Sijui ni joto la mle ndani au ni sauti ya dada yako. Ulishika kona ya meza. Nilikusikia unavyohema, pumzi inatoka kwa taabu kama unapanda mlima na gunia. Mama akavuta kiti, akakigusa kwa kiganja, ukaketi. Akachukua kikombe cha bati walichowekea maua ya mezani, maua akayaweka pembeni, kikombe akakisuuza, akakijaza maji, akakiweka mbele yako. Halafu akatuambia, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetuambia tunawe mikono:

"Geuzeni viti."

Tukageuza. Mimi, Rehema, Zuhura aliyekuwa bado ananuna, na mama mwenyewe na ushungi wake. Ukumbi mzima unakula unatazama mbele, na familia moja kutoka Ruangwa imekipa mgongo chakula pamoja na sungura, inautazama ukuta wenye twiga. Kijana mmoja mwenye mkia alikuja kuuliza kama chakula kina kasoro. Mama akamwambia chakula ni kizuri, naye kama ana wakati asimame hapo upande wa pili azuie watu. Kijana akasimama. Hakuelewa kitu, lakini alisimama. Mwenye kipaza sauti aliita sungura, akaita tena, kisha akaweka wimbo mwingine.

Nyuma yetu nilisikia manyoya yakikwaruza, kisha kimya, kisha mtu anakunywa. Ulikunywa sana. Nililia, Mjomba, bila sauti, nikimtazama yule twiga, na Rehema akanishika kidole. Baadaye kikombe kikagonga meza.

Tulipogeuka ulikuwa umeshasimama, kichwa mahali pake, kinacheka kile kicheko chake. Uliondoka bila kutupungia. Mama alikiacha kile kifurushi cha korosho kwenye kiti ulichokalia, akasema twendeni.

Ulipokuja nyumbani baada ya hapo, ulikuja na shati lako lililonyooshwa. Ukatusimulia Idi ilivyokuwa na wageni wengi, ulivyowasimamia. Mama akakupa pole ya kazi. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa na moshi, maana nisingeweza kukutazama. Usiniulize mara ngapi niligombana naye juu yako. Nilimwambia tukuambie kwamba tunajua, uache, urudi, tutakula tunachokula. Alinijibu neno moja siku zote, kwamba ukirudi utarudi kwa miguu yako na jina lako. Nilimwona katili. Nilimwona anajali adabu kuliko ndugu yake wa tumbo moja.

Kisha ukaugua, ukarudi kweli kwa miguu yako, ukalala, hukuinuka. Mpaka siku ya mwisho ulikuwa msimamizi wa ukumbi. Mimi nikabaki na swali ambalo limenichosha kuliko sare zote hizi. Nilijiuliza kama siku ile, ukiwa nyuma ya migongo yetu, ulijua kwamba tumekutambua na tunakuheshimu. Au ulidhani tumekuona tukakuonea aibu, tukakataa hata kukutazama.

Jibu limenijia kwenye arobaini yako. Alikuja mama mmoja, mpishi wa pale hotelini, na sufuria ya mchele kichwani. Hakukaa na wageni, aliingia moja kwa moja jikoni akachukua mwiko. Tukiwa tunapepeta akanisimulia, bila mimi kumwuliza. Alisema siku ile ya Idi Pili ulirudi jikoni, ukavua kichwa, ukakaa juu ya kreti ya soda na kifurushi mapajani. Vijana walikuwa wanawacheka wale washamba waliogeuza viti. Ukawaambia nyamazeni. Ukasema, "Wale ni watu wangu. Niliwalea mwenyewe." Akasema uliyasema huku umenyoosha shingo, na korosho ulizila zote peke yako, hukumwonjesha mtu.

Nilikwenda kumwambia mama. Alikuwa amekaa na miguu yake juu ya kigoda. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema korosho zile zilizidi chumvi, na wewe ulikuwa mtu wa chumvi. Kisha akajifunika ushungi usoni. Nikamgeuzia mgongo nikaosha vyombo.

Sasa najua, Mjomba, na bado nimechoka. Nilidhani nikipata jibu mwili utakuwa mwepesi. Wanakuja na posa zao na mipaka yao, nami nakaa mbele yao na uso wa mtu mwenye majibu, ndani jasho linanitoka. Nadhani nimeanza kuelewa kwa nini ulipenda zaidi tusikuite jina. Kesho asubuhi nitampeleka dada yako hospitali, atake asitake. Rehema amesema atamshika mkono mmoja na Zuhura mwingine. Zuhura nitamwambia habari za sungura akiwa mkubwa wa kutosha kunyamaza, na kwa ukoo huu haitachukua muda.

Kuhusu wewe, sina jingine la kukuambia ila hili. Umecheza sana. Joto lilikuwa kali, kichwa kilikuwa kizito, na hukumwangusha mtu. Maji yapo mbele yako, na sisi sote huku Ruangwa na Nandagala tumegeuka, hakuna anayechungulia. Vua, unywe, upumzike. Safari hii usigonge kikombe. Hatuna haraka ya kugeuka.

Ni mimi,
mpwa wako, yule aliyekuita jina uwanjani