Bonde la Mzungu wa Kwenye Video

Jumamosi, 4 Juni 1994
Kaka Adolfu karudi kutoka Tunduma na televisheni na deki! Siku hizi kila kitu ruksa, wenzake wanaleta mitumba, yeye kaleta sinema. Mkanda wenyewe mmoja tu. Mzungu mwenye ndevu anahamia porini na punda wake, anajenga kibanda cha magogo, anamlea mtoto yatima, anazoeana na dubu. Filamu ya hela ndogo – mlima uleule umepita mara tatu, na dubu anaonekana kashiba. Nimeipenda vibaya sana.

Baba kanuna. Bonde lote lile, udongo mweusi, na hakuna hata tuta moja! Mtu mzima kwenda porini bila jembe! Nikamwambia Baba, ni sinema. Kasema sinema na njaa ni vitu viwili.

Jumapili, 5 Juni
Baada ya misa sebule ilijaa majirani. Mimi ndiye mtafsiri, kwa Kiingereza changu cha fomu foo. Mara Shigela huyo mlangoni! Nikasahau hata nilikuwa natafsiri nini.

Tangu Machi hajakanyaga hapa. Alikuja kuposa, Baba akamkatalia kwa sababu ng'ombe wa kwao waliingia kwenye ulezi wetu kule Pito. Simpi binti yangu mfuata mikia ya ng'ombe, alisema. Leo Shigela kaamkia shikamoo kwa adabu zote. Baba kaitikia marahaba huku anatazama televisheni.

Basi Baba akaanza tena na matuta yake. Na Shigela – kwa nini asinyamaze huyu mtu! – akasema, "Samahani mzee, pale si pa kulima. Majani yale ni ya ng'ombe."

Baba akamgeukia. Wakabishana mpaka mkanda ukaisha, mtoto yatima kapona au hakupona hakuna aliyejua. Kisha Baba akamwambia Adolfu arudishe mkanda nyuma, waone vizuri ule mto.

Jumanne, 7 Juni
Baridi kali. Baba hana mazungumzo mengine ila bonde. Mama kauliza, na mwenye bonde mmemshirikisha? Nimecheka hadi mbavu zinauma.

Alhamisi, 9 Juni
Nimemkuta Shigela sokoni, nikamgombeza. Ungemkubalia tu mzee! Kasema hawezi kuanza ukwe kwa uongo. Nampenda, ila kichwa chake kigumu kama cha Baba.

Jumamosi anakuja kuposa tena, na baba yake mdogo, Mzee Masanja. Wakikataliwa safari hii, basi. Ndugu zake wanashusha mifugo bonde la Ziwa Rukwa na yeye anaondoka nao.

Jumamosi, 11 Juni
Wamefika. Naandika huku nachungulia dirishani.

Mzee Masanja kavaa koti la suti, kaanza maneno ya posa vizuri kabisa. Baba kamkatiza – ngoja kwanza, ndugu yangu, kuna jambo hatujamaliza na huyu kijana. Kachukua kijiti, kachora uwanjani: mto, mlima, kibanda cha Mzungu. Haya Msukuma, ng'ombe watakunywa wapi bila kukanyaga matuta yangu?

Shigela kachuchumaa na suruali yake ya pasi. Kachora njia. Baba kafuta. Kachora nyingine, chini zaidi. Baba kaitazama weee... hakufuta! Mzee Masanja kasimama tu, posa yake bado mdomoni. Chai niliyopeleka imepoa.

Sasa Baba kaokota jiwe, analigeuzageuza. Hii ni nyumba, anasema. Halafu – nasikia vizuri kabisa – na Bertilla je, naye atataka shamba lake la maharage, nyumba ikae upande gani?

Kanitaja jina!

Shigela anajikuna kichwa. Wote watatu wamegeuka, wanatazama dirisha langu. Mama kaingia, ananisukuma mgongoni. Acha kuandika, anasema, toka ukaliweke jiwe mwenyewe