Mkate wa Sherzod

Mahfuza shoga yangu, nimeaibika kwa daktari wa meno! Nimepiga ukelele mpaka wagonjwa wakasimama.

Alimng'atisha mjukuu wangu Durdona kipande cha nta, aone taya la chini lilivyotokeza mbele ya la juu. Akanionyesha. Alama ni ileile! Ileile, Mahfuza, ya mkate aliong'ata mwanangu Sherzod, baba yake, siku anaondoka kwenda Urusi. Ule unaoning'inia ukutani kwa desturi yetu ya msafiri, ukimngoja aje aumalize. Na simu hapigi tena.

Daktari kashtuka: "Bibi, umeona panya?"

"Panya ni wewe!"

Akasema mtoto anyooshwe taya sasa, mfupa ungali laini. Akikua, dawa itakuwa kisu.

Nikamjibu, "Haya, mnyooshe."

Nimesema mwenyewe, Mahfuza. Mnyooshe. Na tangu niseme, naona kama nimeifuta alama yake na kumwambia Sherzod asirudi.