Namnyima Mkubwa Ili Mdogo Apate

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie maana maji yamenifika shingoni na nyumbani sina wa kumwambia. Mimi ni mwoka mikate, nina mimba ya miezi sita, mapacha wa kufanana, na tulipoambiwa ni wawili mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, lakini mwezi uliopita daktari alinipima kwa picha, akapima tena, akaniambia watoto wanatumia kondo moja na mmoja amebaki nyuma sana kwa uzito, damu kwenye kitovu chake inapita vizuri ila lazima nirudi kila wiki kuangaliwa, na mimi nikasikia neno moja tu, amebaki nyuma. Nilipomsimulia mama mkwe akatikisa kichwa, akasema, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata tumboni," na tangu siku ile namwona mkubwa kama mnyang'anyi, naushika upande wake namwambia, "Muachie mwenzako, we mlafi!" Sasa kazini kwetu donge likizidi kwenye mizani unalimega, kile kipande unakibandika kwenye donge lililopungua, basi nikaona nifanye hivyohivyo, nikipunguza kula mkubwa atasimama kidogo mdogo amfikie, kwa hiyo nakula mlo mmoja kwa siku, mume wangu akiuliza nasema nimekula kazini, na kliniki sijarudi, naogopa daktari ataniambia nichague mmoja. Kizunguzungu kimeanza, juzi nusura nianguke mbele ya tanuri. Nawapenda wote wawili, naapa, ila nahisi nikimlisha mmoja namuua mwingine. Nifanye nini?

Mama wa Wawili

*

Mama wa Wawili, pole sana, na nakupa pole hiyo mapema kwa sababu nina ugomvi na wewe.

Nani alikwambia tumbo ni meza ya unga? Watoto wako hawanyang'anyani sahani. Kondo ni moja, lakini kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu hazikugawanyika sawa: huyu kapata pana, yule kapata nyembamba. Hilo lilitokea mwanzoni kabisa, pengine hata hujajua una mimba. Hukulisababisha wewe, wala mkubwa hajamwibia mtu, kwa hiyo acha kumtukana mtoto ambaye hata hajazaliwa. Ukijinyima mnadhoofika wote watatu, na mdogo ndiye asiye na akiba. Wala usikimbilie upande wa pili ukaanza kula kwa ajili ya kijiji kizima, maana chakula hakitapanua sehemu yake. Kula kawaida, ushibe. Mama mkwe mheshimu, mpikie chai, methali zake mwachie mwenyewe.

Halafu hili la kuchagua. Daktari alikwambia uchague? Hakusema. Alisema urudi. Kabla ya kukujibu nilimuuliza mkunga mmoja mzoefu, akaniambia pacha mdogo ambaye damu yake inapita vizuri ana matumaini makubwa, mradi aangaliwe. Hali ikianza kubadilika, madaktari hujipanga, hata kuwatoa watoto mapema ikibidi. "Lakini mwambie," akasema, "sisi hatuwezi kumwona mtoto ambaye mama yake amemficha nyumbani."

Sasa nisikilize. Leo jioni kula chakula cha kueleweka mbele ya mumeo, kisha umweleze ukweli wote, hata ule uongo wa kula kazini. Atakasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Kesho asubuhi mwende pamoja hospitali, usingoje siku ya kliniki. Mwambie daktari umekuwa hushibi na unapata kizunguzungu. Muulize damu ya mdogo inapitaje sasa, na kama hospitali hiyo ina chumba cha kutunzia watoto njiti, ili mkihitaji kuhamia kwingine mjue mapema. Kazini omba kazi ya kukaa. Na siku ukihisi wamepunguza kucheza tumboni, usiniandikie mimi, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Jambo la mwisho, mwanangu. Ile habari ya damu inayopita vizuri uliiandika harakaharaka, kama kitu cha kupita tu, ukakimbilia msiba ambao haujatokea. Mdogo wako hajakata tamaa. Usimtangulie.